Fedha ya Kwanza Isiende kwa Mfungaji

Timu nitakayoisimulia usiitafute kwenye msimamo wa Ligi Kuu ya Zanzibar, haimo. Nimeiunda kwa vipande vya timu nyingi za Ng'ambo na Mji Mkongwe, na aliyewahi kukaa kwenye kamati ya usajili hapa Unguja ataitambua mara moja. Sikuipa jina kwa makusudi. Ningeipa, watu wa timu nyengine wangevuta pumzi wakasema haya si yetu.

Timu hiyo ilikuwa imepanda daraja. Usiku ule vespa na pikipiki zilizunguka Michenzani zikipiga honi mpaka majirani wakachoka kulalamika. Na haikupanda kwa mtu mmoja. Mabao yake yalitoka kila upande: winga alifunga, kiungo alifunga, beki wa kushoto alikuwa na yake mawili ya mipira ya adhabu. Mabeki wanne na kipa walikuwa pamoja tangu soka la watoto, wakipigishwa mazoezi alfajiri kabla ya kwenda skuli, wakajuana kiasi kwamba mmoja akipanda mwengine hushuka bila ya kuitwa. Watu wa namna hii hawaonekani na aliyekaa jukwaani. Timu ikishinda 1-0, mtazamaji hurudi nyumbani akilitaja jina la aliyefunga hilo moja.

Kamati ilikaa barazani baada ya Isha, kahawa chungu ikizunguka pamoja na sahani ya kashata. Mfadhili, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mkarimu na mpenzi wa kweli wa mpira, ndiye aliyekuwa na fungu la usajili, na alishaamua. Alimtaka straika mmoja wa timu nyengine ya Unguja, aliyemaliza msimu akiwa na mabao kuliko wote. "Ligi Kuu ni magoli," alisema. "Tumchukue sasa, kabla hawajamuona watu wa Bara."

Kocha alikuja na karatasi yake. Juu kabisa aliandika beki wa kati mwenye kimo, kisha kipa wa pili, kiungo mkabaji, nauli ya boti ya Pemba, na fedha za matibabu. Straika alikuwa wa sita. "Ami," alimwambia mfadhili, kwani ni mtu wa rika la baba yake, "huyu tutamtafuta mwisho. Kwanza tuwashike hawa waliotupandisha."

Katibu wa timu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Maalim, aliuliza suala moja tu. "Mabao yake hayo, nani alikuwa akimpelekea mpira?"

"Maalim wangu, mfungaji ni mfungaji."

Lakini suala la Maalim lilikuwa na jibu, na jibu lilijulikana. Mpira ulikuwa ukitoka kwa winga wa kulia mwenye krosi za chini, na kwa kiungo mmoja fundi wa pasi za kupenyeza. Wote wawili walikuwa wameshachukuliwa na timu za vikosi vya serikali. Yaani timu ilikuwa inanunua mabao ya msimu uliopita kwa bei ya msimu ujao, na walioyatengeneza mabao hayo hawakuwamo kwenye bei. Kamati ikapitisha. Karibu theluthi mbili ya fungu ikaenda kwa mtu mmoja.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wageni wa soka la Zanzibar hulikosa. Klabu ya mtaa haishindani na klabu ya mtaa tu. Inashindana na KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, Polisi, na timu hizi zina kitu ambacho mfadhili yeyote wa barazani hawezi kukitoa: ajira. Kijana wa miaka 20 akichukuliwa na kikosi anapata mshahara kila mwezi, na mama yake analala usingizi. Hakuna wa kumlaumu kijana huyo, na simlaumu. Lakini ndiyo maana klabu ya mtaa haina anasa ya kukosea fungu lake la kwanza. Ukishalimaliza kwa mfungaji, huna hata posho ya kumfanya beki wako asite kidogo kabla hajaondoka.

Hawakusita. Kabla dirisha halijafungwa, mabeki wawili wa kati waliondoka, mmoja leo na mwengine wiki iliyofuata, wote kwa kazi ya serikali. Walikuja kuaga kwa adabu, wakapewa mikono. Ikaletwa jozi mpya ya vijana wazuri wasiojuana.

Mechi ya kwanza straika alifunga mawili, na mtaa ukalala ukiimba jina lake. Nataka nimtendee haki: alikuwa mchezaji kwelikweli. Alijua kukaa begani kwa beki mpaka beki asahau kama yupo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa haubahatishi. Ila wapinzani nao wana macho. Kufika mechi ya sita walishaona kwamba timu hii nyuma haina mpangilio, kwa hivyo wakawa wanaibana katika nusu yake. Mpira ukawa haupiti katikati, unapigwa mrefu kwenda kwa mtu mmoja, naye anaukimbilia akiwa na mabeki watatu ubavuni. Dakika tisini za kukimbilia mipira isiyofikika, katika jua la saa kumi, kila wiki. Majukwaani walianza kumwita mvivu.

Goti lilianza kumuuma mapema. Siku moja wakati wa mapumziko alikaa chini nyuma ya benchi, akavua soksi, na goti la kulia lilikuwa limejaa mpaka kile kifupa cha mbele hakionekani. Daktari wa timu hakuwapo, kwa sababu fungu la daktari lilikwenda kumnunua yeye. Mtu akakimbilia kwa muuza juisi nje ya geti akarudi na barafu, wakaifunga ndani ya taulo, maji yakawa yanamchirizika mpaka kwenye kiatu. Kocha alitaka kumtoa. Kiongozi mmoja akamnong'oneza kwamba mfadhili yupo jukwaani na wageni wake. Kijana mwenyewe alisema, "Niwacheni, naweza." Alirudi uwanjani. Wiki iliyofuata alichomwa sindano ya maumivu ili acheze tena, na iliyofuata tena, mpaka siku aliyogeuka peke yake, bila ya kuguswa na mtu, akaanguka akiwa ameshika mguu kwa mikono miwili.

Mkataba wake ulikuwa na ukurasa mmoja. Ulitaja fedha ya kusaini na idadi ya misimu. Haukutaja matibabu.

Timu ilishuka. Hilo ni dogo, timu hushuka na hupanda. Kinachonikera mimi katika hadithi hii ni yule kijana, kwa sababu watu wakizungumzia usajili mbaya husema timu imetapeliwa, na huwa hawamhesabu mchezaji miongoni mwa waliodhulumiwa. Huyu alinunuliwa kwa bei iliyompa mzigo wa watu kumi na moja, kisha akanyimwa wale kumi. Hata angekuwa na goti la chuma lisingemuokoa.

Nimeambiwa na wapenzi wengi wa mpira kwamba haya ni maneno ya timu maskini, kwamba wenye fedha huanza na mfungaji na wanafanikiwa. Tuwaangalie basi wenye fedha.

Fiston Mayele alikuja Yanga mwaka 2021 kutoka AS Vita ya Kinshasa. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya ligi, akaongoza kwa ufungaji katika Kombe la Shirikisho la CAF kwa mabao 7, Yanga ikafika fainali. Msimu ulipomalizika akauzwa Pyramids ya Misri. Jangwani, makao ya Yanga, walilia kama waliofiwa. Aliyeletwa kuziba nafasi yake, Hafiz Konkoni kutoka Ghana, hakuwaka, na kufika Januari 2024 alishaondoka. Kwa hesabu ya mfadhili wetu wa barazani, timu iliyopoteza mfungaji wa aina hiyo na kumkosa mrithi ilikuwa imekwisha. Yanga ikachukua ubingwa. Mfungaji bora wa ligi msimu ule wa 2023/24 alikuwa kiungo wao, Stephane Aziz Ki, mabao 21. Wa pili, mabao 19, alikuwa kiungo vilevile: Feisal Salum wa Azam, Fei Toto wetu, aliyetoka hapa JKU.

Nyuma ya Aziz Ki walikuwapo kina Djigui Diarra golini, Dickson Job, Bakari Mwamnyeto, na Ibrahim Hamad "Bacca". Huyu wa mwisho aliondoka KMKM kwenda Yanga mwanzoni mwa 2022. Sikumbuki kuona mtaa wowote wa Unguja ukipiga honi siku aliyosajiliwa beki. Leo kumpata beki wa kati kama yeye katika ukanda huu ni kazi.

Na si yeye peke yake. Ukitazama nani kati ya watu wetu amedumu Bara, utaona mabeki wamejaa. Nadir Haroub "Cannavaro" alitoka Malindi, akaingia Yanga katikati ya miaka ya 2000, akakaa zaidi ya miaka kumi, akawa nahodha wa klabu na wa Taifa Stars. Aggrey Morris alitoka Mafunzo akawa nguzo ya Azam kwa miaka mingi. Abdallah Shaibu "Ninja" alitoka Taifa ya Jang'ombe. Linganisha na safari ya Heritier Makambo, straika mzuri aliyeifungia Yanga mabao 17 ya ligi msimu wa 2018/19, akauzwa Horoya ya Guinea, akarudishwa miaka miwili baadaye kwa shangwe, na mabao hayakurudi naye. Alikuwa mtu yuleyule. Waliomzunguka ndio waliobadilika. Usione vyaelea, vimeundwa. Na anayekabidhiwa usukani baada ya jahazi kuundwa hasifiwi kwa mbao.

Hili suala limewaumiza watu wakubwa kuliko sisi. Katika mpira wa Marekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, timu hugawana vijana wa vyuo vikuu kwa zamu, na iliyofanya vibaya kwa kawaida hutangulia kuchagua. Mwaka 2018 New York Giants, zamu yao ikiwa ya pili, walimchukua mkimbiaji aitwaye Saquon Barkley. Kipaji hakikuwa na shaka, msimu wa kwanza tu alikimbia yadi 1,307. Giants walishinda mechi 5 kati ya 16. Mkimbiaji katika mchezo ule hupita kwenye uwazi unaofunguliwa na majitu matano yaliyosimama mbele, na ukuta wa Giants ulikuwa dhaifu. Septemba 2020 akakatika kano ya goti. Mwaka 2024 akahamia Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imejenga ukuta wake kwa miaka mingi kabla ya kumfikiria yeye, na msimu uleule akakimbia yadi 2,005, kisha Februari 2025 akabeba ubingwa kwa kuwafunga Kansas City Chiefs 40-22. Mwaka huohuo wa 2024, katika zamu zote 32 za mzunguko wa kwanza wa kuchagua vijana, hakuna timu iliyochagua mkimbiaji hata mmoja. Hesabu ya mwaka ule ilikuwa kwamba goti la mkimbiaji huchoka mapema, na kwamba ukuta ukiwa mzuri hata mkimbiaji wa kawaida hupita.

Nirudi kwetu, Uwanja wa Amaan. Tarehe 13 Januari 2024, fainali ya Kombe la Mapinduzi, uwanja ukiwa umefunguliwa upya wiki chache tu nyuma, Mlandege ya hapa Unguja iliifunga Simba 1-0. Simba yenye bajeti ambayo Mlandege haiwezi hata kuiota. Kabla ya hapo, katika nusu fainali, Mlandege iliwatoa APR ya Rwanda kwa penalti baada ya sare ya bila kufungana. Na mwaka mmoja nyuma, siku hiyohiyo ya Januari 13, iliifunga Singida Big Stars 2-1 ikachukua kombe hilohilo. Bao la fainali dhidi ya Simba lilifungwa na Joseph Akandwanaho, na jina lake likaimbwa, ni haki yake. Lakini tazama kilichofanya bao moja litoshe. Mechi mbili kubwa mfululizo, APR na Simba, na hakuna aliyeupitisha mpira kwenye mstari wa goli la Mlandege ndani ya muda wa mchezo. Timu ya Unguja ikitaka kumpiga tajiri, njia ndiyo hiyo, na haihitaji mfungaji wa bei ya nyumba.

Sisemi straika hana maana. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2024 Yanga hiyohiyo ilicheza na Mamelodi Sundowns robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, 0-0 Dar es Salaam, 0-0 Pretoria, ikatolewa kwa penalti. Dakika 180 bila ya kufungwa na mojawapo ya timu tajiri kabisa za bara hili, na bila ya kufunga. Wengi bado wanazungumzia mpira wa Aziz Ki uliogonga mwamba kule Pretoria na kudunda kwenye mstari. Mimi nilimkumbuka Mayele. Hapo ndipo mfungaji anapokuwa na thamani ya fedha zake zote: pale nyuma pameshafungwa, katikati pameshashikwa, na kilichobaki ni mtu mmoja wa kumaliza kazi. Timu iliyofika hapo na imuuze beki, ikope, imtafute. Ila timu iliyopanda daraja jana, isiyo na kipa wa pili, haijafika hapo, na kumnunua mfungaji hakutaifikisha.

Kwa nini basi tunarudia? Naona sababu kubwa ni kwamba fungu la usajili huku kwetu halitoki kwenye mapato ya klabu. Viingilio ni vidogo, haki za matangazo si za kutegemea. Fedha hutoka mfukoni kwa mtu anayependa timu, na anayetoa fedha hutaka kukiona alichokitoa. Mfungaji anaonekana. Anapigwa picha akishika jezi, watoto wanamfuata Darajani, muuza urojo anakataa kupokea pesa yake. Nani atapiga picha na mkataba wa matibabu? Nani atamtambulisha mbele ya mtaa kocha wa watoto wa miaka 15? Mfadhili si mtu mbaya. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia, kwa heshima na mapema, kabla fedha haijatoka, kwamba beki wake wa kati yuko mbioni kuondoka, na fedha ya kumbakisha ni sehemu ndogo ya bei ya huyo nyota.

Na pale fedha inapotoka kwa mtu mmoja, wanakamati huona haya kumpinga. Kocha wa hadithi yetu alikuwa na karatasi sahihi mkononi. Aliikunja akaiweka mfukoni kwa sababu aliyekaa mbele yake ni ami yake na kahawa waliyokuwa wakinywa ni ya kwake. Heshima ya namna hii tunaijua sote, na ni nzuri nyumbani. Kwenye kamati ya usajili ilimgharimu kijana mmoja goti lake.

Mwaka uliofuata, wakiwa Daraja la Kwanza, kamati ilikaa barazani palepale. Maalim alikuja na daftari la hesabu na akaomba asome kabla ya mtu yeyote kusema. Mstari wa kwanza aliandika matibabu ya yule straika, kwa sababu, alisema, deni hilo ni letu hata kama mkataba haukuliandika, na hakutasajiliwa mtu mpaka lilipwe. Mstari wa pili ulikuwa bima na kifungu cha matibabu kwa kila mkataba mpya. Kisha posho ya mabeki na kipa, ilipwe kila mwezi hata kama ni ndogo. Kisha kocha wa vijana. Nauli ya Pemba. Nafasi ya straika aliiwacha wazi.

Mfadhili aliusoma ukurasa mara mbili. Aliuliza magoli yatatoka wapi, na safari hii kocha hakunyamaza. "Ami, yapo. Yule wa timu yetu ya vijana ana miaka 17, anafunga kwa miguu yote miwili. Lakini nikimuweka mbele mwaka huu akiwa peke yake nitamuua. Nipe misimu miwili, na watu wa kumpa mpira."

Palikuwa na mabishano, na mtu mmoja aliondoka kwa hasira. Mfadhili alikubali kutoa nusu ya alichotoa mwaka uliopita, akasema nyengine ataitoa akiona. Maalim alikata mistari miwili ya chini kabisa, akaacha ya juu yote kama ilivyo, na kocha akapewa fedha ya kwenda kuzungumza na wazee wa beki wa kulia kabla kikosi hakijafika.